Shanga za Mama Cyusa

Biryogo nzima, mtaa wetu wa Kigali, hakuna mwanamke aliyefundisha watu wengi kutunga shanga kunishinda mimi. Tulikuwa walimu wawili tu, na mwenzangu alikuwa na mtoto wa jicho, lakini kushinda ni kushinda.

Darasa langu lilikuwa mkeka mmoja barazani, sinia katikati, na wanawake watano sita wakijichoma vidole. Mwaka huo wa tisini na mbili vita vilikuwa kaskazini, barabara ya Gatuna ya kwenda Uganda imefungwa, na shanga za Kampala hazikuja tena. Tulifumua za zamani tukazitunga upya. Aliyevaa hereni zangu siku hizo huenda alivaa shanga za kiuno cha bibi wa mtu, nami sikumwambia.

Wanafunzi wawili lazima niwataje. Daphrose, Mama Cyusa, alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee alikuwa ametoweka kabla ya Krismasi. Vijana waliotoweka tulijua wanakokwenda: kuvuka mpaka, kujiunga na waasi. Nyumba ikijulikana imetoa kijana, waliobaki ndani walichukuliwa, na wengine hawakuonekana tena. Kwa hiyo Daphrose aliwaambia watu Cyusa yuko Bujumbura kwa mjomba wake. Wa pili ni Générose, mke wa Léonidas, mkuu wa selire yetu, yaani kiongozi wa serikali mtaani. Huyo mume ndiye aliyekuwa akipeleka majina ya nyumba hizo kwa askari. Kumkatalia mkewe nafasi kwenye mkeka nilishindwa, wewe ungeweza?

Alhamisi moja Daphrose alifika mapema. Akanivuta jikoni, akafungua kitambaa: shanga za buluu zenye mstari mweupe, mpya kabisa, kiganja kizima. Cyusa alikuwa amempa mchuuzi azilete. Barua ingewaua, shanga zilisema tu kwamba yu hai. Mama wa watu alikuwa anacheka na kulia kwa mdomo mmoja. Nikamwambia azifunge azirudishe kifuani upesi, maana hizo ni za Kampala, na kila aliyekaa mkekani kwangu analijua hilo kwa jinsi nilivyowachosha masikio nazo. Akaitikia.

Tukaanza. Générose alikuwa anahangaika na mkufu wa harusi ya mdogo wake, uzi unamkatikia, anajicheka mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya wa kukaa naye, na hilo ndilo lililonichosha. Ikaadhiniwa alasiri, nikaingia ndani. Niliswali kama mtu aliyeacha maziwa motoni, Mungu anisamehe.

Nilipotoka, shanga za buluu zilikuwa kwenye sinia.

Daphrose alikuwa ameshindwa kujizuia. Alikuwa anazitunga moja moja, midomo ikimcheza, kama anayemvisha mtoto mchanga. Wengine wameinamia sindano zao. Générose ameshika shanga moja, anaigeuza kwenye mwanga. Akaniuliza, kwa upole tu, kama nazijua.

Nimewahi kudanganya waume wawili, wauza nyama wote wa soko na karani wa kodi. Ulimi wangu ulikuwa haujanitupa.

"Nisizijue vipi?" nikasema. "Za Bujumbura hizo. Cyusa mwenyewe alizileta Jumamosi. Alipita hapa anatembea kwa maringo kama jogoo, akala wali wangu, akarudi na basi la mchana. Amenenepa mtoto yule, hata shukrani ya wali hakuniachia."

Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Daphrose alifumba macho.

"Alitembea?" Générose akauliza.

"Nikudanganye ili nipate nini, binti yangu? Kwa miguu yake yote miwili."

Akairudisha ile shanga kwenye sinia taratibu. Akamtazama Daphrose, kisha mimi.

"Bibi, ulipokuwa unaswali, Mama Cyusa ametuambia Cyusa amelazwa Bujumbura. Amevunjika mguu, hata kusimama hawezi. Shanga kaleta mjomba."

Nikafungua mdomo nitafute la kuchekesha. Générose alikuwa tayari amesimama, anatafuta kandambili zake.