Minyaa ya Mpakani na Nyimbo za Ritha

Jumamosi asubuhi Ritha alikaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba yake, kule Unyambwa, akikaza uzi wa zeze huku maharage yakichemka. Alipoanza wimbo wake mpya, minyaa saba, ile miti ya utomvu iliyopandwa mpakani, iling'oka, ikakung'uta udongo kwenye mizizi, ikaingia shambani kwa baba yake mdogo, Amosi. Ilikwenda hatua mbili kwa kila ubeti. Ritha akainuka kupunguza moto.

Wimbo ulihusu shamba la marehemu mama yake. Matanga yalipoisha tu, Amosi aliihamisha minyaa ya mpakani hadi karibu na choo cha Ritha, akapanda alizeti kwenye kipande alichokimega.

Jioni Amosi alikuja.

"Umeiona minyaa yangu?"

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Umeiona?"

"Ipo njiani. Inarudi ilikokuwa enzi za mama."

"Basi acha kuimba, itanikanyagia alizeti."

Kesho yake Amosi akaing'oa, akairudisha karibu na choo.

Ritha akaona zeze linachelewesha. Akajifunza gitaa kwa Enock wa kwaya. Kwa gitaa minyaa ilikimbia, ikapitiliza mpaka wa zamani, ikasimama katikati ya vitunguu vya jirani, Martha. Martha aliiswaga kwa fimbo kama mbuzi, hadi ikarudi karibu na choo.

"Mwanangu, punguza mwendo," alisema. "Hivi ni vitunguu vya watu."

Ndipo Ritha akaenda studio mjini. Fundi akaongeza kinanda na ngoma, akautoa ubeti unaomtaja Amosi, eti ni mrefu. Wimbo ukapendwa harusini na stendi, hadi kule Mkiwa. Minyaa nayo iliupenda. Ilicheza vizuri kabisa, pale pale karibu na choo, bila kuinua mzizi hata mmoja. Amosi akaufanya mlio wa simu yake.

Ritha akarudia zeze. Akaimba beti zote kumi na tisa, taratibu, tangu alfajiri hadi saa nne. Minyaa ikafika mpaka wa zamani, ikajikita. Amosi alipojaribu kuing'oa, jembe lake likavunjika mpini.

Mkutano wa kitongoji ukaitishwa. Mwenyekiti, mzee Filipo, alipima kwa kamba, akasema ni kweli, hapo ndipo ulipokuwa mpaka wa marehemu, yeye mwenyewe alikuwepo ukipandwa.

"Lakini minyaa inayotembea hatuwezi kuipokea kama shahidi," akasema. "Kesho itasema vingine. Na alizeti zimeshaota. Aliyepanda aendelee."

Watu wakaona ni sawa. Wakamwomba Ritha afunge mkutano kwa ule wimbo wa studio. Yeye akaimba wa zeze, ubeti wa Amosi ukiwemo. Wakacheza hivyo hivyo.

Siku hizi Amosi akienda kupalilia hupita kiubavu katikati ya minyaa, utomvu usimwingie machoni, na akimsikia Ritha anaimba humwitikia kiitikio. Ana sauti nzuri ya chini. Hata Ritha anakubali kwamba wimbo ulikuwa unaihitaji.