Kutoa Joto

Friji yangu ilikufa miaka minne iliyopita, nikaigeuza kabati la unga. Hapa Karurumo hakuna anayekucheka kwa hilo. Nusu ya friji za majirani zinalinda unga dhidi ya panya.

Wamuyu, binti wa dada yangu, anasomea ufundi wa friji chuoni Embu. Mwalimu wake, Kaimenyi, alimwambia kila mwanafunzi afufue friji moja ya nyumbani, naye apite Ijumaa kupima. Ikifika nyuzi nne, umepita. Isipofika, unarudia muhula, na babake Wamuyu alishasema muhula mwingine hakuna, kahawa inamngoja aichume.

Jumatano alikuja kwangu, akaipaka mirija ya friji yangu povu la sabuni. Mahali pamoja povu likafura, likapasuka, likafura tena.

"Kumbe umejificha hapa," akaliambia tundu, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Akaliziba kwa moto, akajaza gesi. Friji ikaanza kuvuma kama mzinga ulio ng'ambo ya bonde.

"Haitengenezi baridi, Anti. Inatoa joto tu. Weka mkono huku nyuma."

Nikaweka. Joto lilikuwa linatoka kweli, taratibu, nami nikaliona likipita dirishani, likipanda mashamba ya kahawa mpaka mlimani.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia jirani yangu Veronicah. Ijumaa saa nne sebule ilikuwa imejaa majirani, jinsi ninavyopenda. Veronicah mwenyewe alikuja na sufuria ya muthokoi, mahindi bado yanafuka mvuke, akaitia ndani.

"Kama ni friji kweli, ipoze hii."

Mzee Gitari naye alifungua na kufunga, kufungua na kufunga, akivizia taa inazimika saa ngapi.

Saa tano Wamuyu akatazama kipimajoto. Kumi na tisa. Akakaa sakafuni.

Sijawahi kumfukuza mgeni maishani mwangu. Nikaitoa ile sufuria, nikampa mwenyewe.

"Tokeni wote. Chai nitawaletea uani."

"Gladys, unatufukuza sisi?"

"Nawafukuza, Veronicah."

Wakatoka wakinisema nisikie, kwamba friji imenipanda kichwani. Nikawapelekea chai, nikafunga mlango, nikajilaza kwenye kochi. Nyumba haijawahi kunyamaza hivyo. Ule mvumo ukanibeba, na macho yangu yakiwa wazi niliona mvuke wa muthokoi, pumzi za Gitari, umbea wote wa asubuhi, vikinyiririka chini ya mlango, kimoja kimoja, kwenda juani.

Saa tisa Kaimenyi akaingia. Alipofungua friji, ubaridi ulinigusa magoti kama maji ya mtoni.

"Nne," akasema, akaandika. Kisha akageukia dirisha. "Na huko nje kuna sherehe gani?"

"Ni joto la humu ndani, mwalimu," Wamuyu akamjibu. "Tulilitoa."

Nikaenda kuwafungulia mlango.