Amebaki wa Miaka Minne

Mshona sare hakuwa mtu wa kusahau. Tangu mwanawe wa miaka minne apotelee sokoni ilikuwa miaka tisa, na makarani wote waliopita dirisha la ofisi ya watoto waliopotea aliwakumbuka: aliyemwambia amwachie Mungu, aliyemwita mkorofi, na yule wa kwanza kabisa, aliyeandika taarifa huku akitafuna karanga. Kila mwaka alikuja, na kila mwaka aliambiwa rejista ya watoto waliopotea iko mtandaoni, nchi nzima inaiona, avute subira. Subira alikuwa nayo tele. Iliyomwishia ni imani.

Safari hii alimkuta karani mgeni, mwanamke mpole aliyechomeka kalamu kwenye nywele. Akamwomba jambo moja tu: atafute kama anavyotafuta mlezi wa kituo cha watoto aliyeletewa mvulana wa miaka kumi na mitatu asiye na kwao.

Karani akaandika: mvulana, kumi na mitatu. Zikaja sura nyingi. Ya mwanawe haikuwemo. Akajaribu miaka minne, na huyo hapo, anacheka na pengo lake, katikati ya watoto wa chekechea.

Mama akainamia dirisha aione ile picha vizuri.

"Mwanangu," akamwambia karani taratibu, "kwa hiyo watoto wetu humu ndani hawakui?"

Karani akajitetea kwamba umri ulioandikwa kwenye taarifa haubadilishwi, ndio utaratibu. Mama akamjibu kwamba yeye hushona sare za shule, na mzazi akimletea vipimo vya mwaka jana humrudisha nyumbani akamlete mtoto mwenyewe. Utaratibu gani huu wa kumvalisha kijana kaptula ya chekechea miaka tisa?

"Mama, utanifukuzisha kazi."

"Mwambie mkuu wako ni mimi. Ananijua."

Karani akacheka kidogo, akalifungua faili lote. Ndipo akagundua kosa. Kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa kilikuwa kitupu. Kingejazwa, mashine ingehesabu miaka yenyewe, bila mtu kuambiwa. Mla karanga alikiruka, na waliomfuata wote hawakuchungulia.

Mama aliitaja tarehe, na saa pia, ingawa saa haikuulizwa. Karani akaijaza tarehe, akatafuta upya: mvulana, kumi na mitatu. Akatokea, na pengo lake, safari hii kati ya wenzake waliokwisha kurefuka shingo.

Mama alifuta macho kwa ncha ya kanga, upesi, kama anayefuta jasho. Karani akadhani ataaga. Hakuinuka.

"Wangapi wengine kisanduku chao kitupu?"

Karani akahesabisha mashine. Mia mbili na kumi na saba.

"Wazazi wao nawajua wengi. Tumekaa foleni moja, tarehe nitawaendea," mama akasema, akavuta kiti karibu na dirisha. "Nisomee wa kwanza."