Msipumue

Mkanda wa kamera bado una fundo alilolifunga binti yangu, isimgonge tumboni akitembea. Mwaka wa pili sasa imening'inia msumarini, na fundo sijaligusa.

Ni kamera nyepesi, plastiki tupu. Dukani zilikuwapo za kujivunia. Yeye akachukua ya chini kabisa, kilichobaki akaninunulia miwani. Juani haikusema uongo. Ndani ya nyumba ilikuwa na kigugumizi, picha zikitoka na ukungu, ndiyo maana kabla hajabonyeza alituambia, "Msipumue." Nasi tukabana pumzi kama wezi nyuma ya mlango. Hata siku ile ya mwisho wodini, kando ya kitanda chake, nilijikuta nimebana pumzi, nikingoja aniambie tayari.

Ameniachia picha mia nne. Hayumo hata katika moja. Mpigaji alikuwa yeye.

Jana mjukuu wangu, bintiye, aliishusha. Amepata kazi yake ya kwanza, kupiga picha harusi ya jirani, na kadi imejaa.

"Picha nimezihamishia kwenye kompyuta, Bibi. Limebaki faili moja zito, limegoma kuhama. Nalifuta."

"Subiri, mke mwenzangu. Mama yako hakuweka takataka."

"Mama? Aliyeweka hata vifuniko vya kalamu?"

"Vya kalamu ulizokuwa ukizitafuta kesho yake."

Akacheka, kidole kingali juu ya kitufe.

"Lifungue kwanza," nikamwambia. "Kisha ufute."

Kumbe haikuwa picha, ilikuwa video. Binti yangu alikuwa amezungusha kigurudumu cha juu ya kamera hadi kwenye video bila kujua. Mjukuu akanieleza: kamera za aina hii zikirekodi, kioo cha ndani hunyanyuka, na anayechungulia tunduni huona giza. Kamera yenyewe huona kila kitu.

Kwenye skrini tulisimama sebuleni, mimi na mjukuu, yeye akiwa na sare ya shule, mashavu yamejaa pumzi. Kisha ikaja sauti, karibu, kama ya mtu aliyesimama begani pangu.

"Mbona giza? Siwaoni. Mama, mpo?"

Mle kwenye skrini midomo yangu ikatikisika kidogo tu, nikiogopa kumharibia picha. "Tupo."

"Siwaoni kabisa. Haya, pumueni. Nitawapiga tena."

Skrini ikawa nyeusi.

Mjukuu wangu aliondoa kidole kitufeni, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Akaichomoa kadi, akaifuta kwa upindo wa kanga yangu, akaiweka ndani ya kibweta cha miwani yangu.

"Nitaazima kadi nyingine," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa bado sijapumua.