Nyekundu Tatu

Tok. Kimya. Kisha tok tena.

Nilikaa kitandani nikisikiliza, na nje bado giza. Panya? Panya hukwaruza, hagongi. Nikajitanda shuka, nikapapasa hadi jikoni, kiberiti mkononi, nimchemshie mjukuu wangu chai.

Alikuwa amefika jana jioni kutoka kiwandani, ambako anatunza ghala la kemikali. Alisema amenikumbuka tu, lakini nilijua ametumwa na baba yake. Mwezi uliopita nilisahau sufuria motoni ikaungua, na mwanangu akasema, "Mama, kosa jingine moja la moto, unahamia kwetu." Kwao kuzuri, sikatai, ila ni kwao. Tangu siku hiyo huamka usiku hata mara tatu kwenda kuligusa jiko kama limepoa.

Nikatoa njiti.

"Bibi! Usiwashe!"

Alisimama mlangoni, nywele timutimu, pua juu, ananusa hewa. Akanishika mkono taratibu, kama anayeshika kifaranga, akakichukua kiberiti. Hata taa hakuiwasha. Akafungua dirisha na mlango, akanitoa nje, akavua sweta lake akanifunika mabegani. Kisha akarudi ndani, akatoka na debe lililokuwa chini ya meza, hatua moja tu kutoka kwenye jiko. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Alipolitua, bati likajikunja: tok.

"La nani hili?"

"La fundi viatu. Kibanda chake kinavuja, anakiezeka, akaniomba nimtunzie. Ni dawa ya kulainishia gundi. Na usidhani nilipokea tu, nilisoma kwanza!"

"Ulisoma nini?"

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nikamwonyesha kibandiko, mraba uliosimama kwa pembe, umegawanywa rangi nne, na namba ndani yake.

"Nyekundu ni moto, fundi aliniambia. Ina tatu. Nikasema huyu ni wa tatu darasani, wakali wako mbele yake. Njano ina sufuri, huyo hata mtihani hakufanya."

Akacheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Bibi, hapa hawapangi nafasi. Ni alama. Sufuri hana neno, nne ndiye hatari kuliko wote. Nyekundu tatu, mvuke wake unatambaa chini mpaka ukutane na njiti yako."

Nikakaa kizingitini.

"Basi nifunge mizigo?"

"Sijasema hivyo."

"Utamwambia baba yako."

"Nitamwambia, Bibi. Siwezi kumdanganya."

Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo.

"Nifundishe na hizo nyingine," nikasema.

Akanifundisha pale pale, kidole changu ndani ya mkono wake. Nilikosea, nikarudia, nikakosea tena, naye hakunihimiza hata mara moja.

Jua lilipotoka tukaenda kwa fundi. Alikuwa juu ya ngazi, sigara inawaka mdomoni.

"Zima hiyo!" nikamwambia kabla mjukuu wangu hajafungua mdomo. "Zima, ushuke."

"Shikamoo, Bibi. Leo umeamkia upande gani?"

"Marahaba. Zima kwanza."

Akaizima, akashuka. Ndipo mjukuu wangu akasogea na debe, na mimi nikaweka kidole.

"Buluu ni afya: mbili. Ukiivuta kutwa nzima kibandani utaumwa, fungua dirisha. Nyekundu ni kuwaka: tatu. Isikae na sigara wala jiko, langu wala lako. Njano ni kulipuka yenyewe: sufuri, hapo inatulia. Nyeupe ni onyo la pekee: hakuna kitu."

Nilipogeuka, mjukuu wangu alikuwa ameshika simu, amenielekezea mimi.

"Umesikia, Baba?" akasema. "Kosa alilifanya kweli, njiti ilikuwa mkononi. Lakini hata sisi ghalani wapo waliosoma vile vile wiki ya kwanza, na hawajahamishwa na mtu."

Kisha nikamsikia mwanangu, kwa mbali: "Mama, hiyo nyekundu, hebu irudie."

Nikairudia.

Fundi alikuwa ameshapiga magoti, anavuta vitu chini ya benchi lake la kazi. Akatoa makopo mawili yenye vibandiko vilivyofifia, akayaweka mbali na miguu yake kwa ncha za vidole.

"Na mimi huwa nalala juu ya haya mchana," akasema. "Bibi, nitayafuta vumbi yasomeke. Kesho pita tena unisomee, tafadhali."