Udongo wa Shimo Letu

Kitenge, mkuu wa shimo moja la wachimbaji karibu na mgodi wa Mashamba, alikuwa na sheria asiyoilegeza: damu ikimwagika shimoni, jeraha lizibwe kwa udongo wa shimo hilo hilo, la sivyo madini yatahama. Basi mdogo wake Kabemba alipokanyaga ncha ya sururu kuukuu ikazama unyayoni, Kitenge mwenyewe alilisokomeza tope tunduni kwa kidole gumba, akafunga kitambaa. Kabemba aliomba ruhusa aende kudungwa sindano. Kitenge akamwuliza, mbele ya wenzake, kama ana mimba, maana sindano hiyo aliijua ni ya wajawazito.

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kabemba alilisikia la mkuu wake.

Jeraha lilifunga vizuri, na Kitenge akatamba nalo shimo zima. Wiki iliyofuata Kabemba akashindwa kutafuna bukari, ule ugali wao. Taya lilikuwa limekaza. Kitenge akasema huo ni uvivu tu. Asubuhi moja akamkuta ameegemea ukuta, nyusi juu, meno yote nje, anamtazama.

"Unanicheka mi?" akauliza, akamzaba kofi. Kicheko hakikutoka usoni.

Hospitalini, alikompeleka siku hiyo hiyo, muuguzi Rehema hakumpunguzia Kitenge hata neno. Ni pepopunda, alisema. Kijidudu chake hukaa udongoni na hakipendi hewa. Kitenge amekiingiza ndani, kisha akakifungia mlango. Huko kimepika sumu, na sumu imepanda na mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, ambako askari wa mwili hawaifikii. Tena ni sumu kidogo mno, mwili haukushtuka wala kujifunza kupigana nayo. Chanjo ndiyo ingewafundisha askari hao mapema.

Kabemba alilazwa kwenye chumba chenye giza, maana mwanga na kelele vilimkaza mwili. Akili yake ilikuwa nzima, kila uchungu aliusikia. Kitenge, aliyezoea kufoka, alipiga magoti kando ya kitanda. 

"Mudogo wangu," alianza, "unisamehe."

Mwili wa Kabemba ukajipinda mpaka visigino na kisogo tu ndivyo vikagusa godoro. Mfupa ukalia mgongoni mwake, ukavunjika.

"Nyamaza, tata," Rehema alinong'ona. "Sauti yako njo inamuua."

 Kitenge alikaa pale na ombi lake la msamaha mdomoni, akitazamwa na lile tabasamu, hata baada ya Kabemba kukata roho.