Daraja la Wachuma Chai

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, mvua ya El Nino ilichukua daraja lililo chini ya kijiji cha Sironga, na lori la chai likashindwa kufika kwenye kituo cha kukusanyia majani. Orpah Mong'ina, mwenyekiti wa kituo hicho, alishuhudia kwa siku tisa majani mazuri yakigeuka meusi ndani ya magunia. Siku ya kumi alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda Nyamira kumwona mhandisi wa wilaya.

Mhandisi hakumficha. "Mama, madaraja kumi na manne yamekwenda na maji. Serikali yenyewe imebanwa na madeni. Ikishalipa wakopeshaji na mishahara, hakibaki kitu cha kununulia saruji." Akamwandikia barua: mwenye duka atoe vifaa, atalipwa fedha zikipatikana.

Mong'ina akaipeleka Kisii mjini kwa Umesh, muuza vifaa vya ujenzi aliyemuuzia mabati ya nyumba yake. Umesh hakuimaliza kuisoma.

"Nilitoa saruji ya zahanati kwa barua kama hii, mwaka wa pili sasa," alisema. "Sijaona hata senti. Nisamehe, mama."

Mong'ina alikuwa ameshafika mlangoni aliporudi.

"Basi serikali tuiache. Tukopeshe sisi. Tuko wakulima arobaini na watatu, kila mmoja atakatwa kidogo kidogo kwenye malipo ya chai."

"Na chai isipopita?"

"Ndiyo maana nataka daraja."

Umesh alimrudishia ile barua. "Kwanza nikauone huo mto."

Alikuja Jumapili na buti zake za mpira, akakuta akina mama wakivuka maji ya kiunoni, vikapu vya chai vichwani, kulifuata lori upande wa pili. Alingoja mpaka wa mwisho alipofika ng'ambo. Kisha akaonyesha alama ya matope kwenye shina la mti.

"Maji yalifika hapa. Mkijenga kwa kimo cha zamani, mvua ijayo italibeba, mbaki na deni bila daraja. Pandisheni nguzo mita moja zaidi, nami nitawakopesha saruji."

Mita hiyo ilimaanisha saruji zaidi, na deni refu zaidi. Mong'ina aliwafikiria wenzake waliokuwa wakikamua nguo zao ukingoni. "Tutapandisha," alisema.

Mawe waliyapasua wenyewe. Wakatoliki walifanya kazi Jumamosi, Wasabato Jumapili, na Josiah, fundi aliyelijenga, hakukosa wa kumsaidia hata siku moja. Mwezi wa sita lori lilivuka polepole, dereva akiwa ametoa kichwa dirishani, na jioni ile hakuna jani lililolala kituoni.

Deni liliwachukua miezi kumi na mitano. Mto ulijaa tena kabla hawajalimaliza, ukapita chini ya daraja.

Wiki hiyo hiyo walikuja wazee wawili kutoka upande wa Ogembo, ambao daraja lao lilikuwa bado halijajengwa. Mong'ina aliwapikia chai, akawaeleza yote tangu mwanzo, kisha akawauliza ni siku gani aje na Umesh kuutazama mto wao.